Hodi Niliyosahau Kuizima

Kosa langu lilikuwa dogo, kosa la mtu anayejifunza kazi mwenyewe: nilipiga hodi kwenye anwani isiyokuwa na mtu, nikasahau kuizima. Sikuhadithiwa haya, wala sikuyaota. Yamenipata mimi, na ushahidi nilio nao ni mguu wangu wa kushoto, ambao ninapoandika hapa umevaa soksi mbili ingawa Karatu leo kuna jua la kuanika mahindi. Ukitaka kucheka, cheka sasa. Mimi pia nilicheka mwanzoni.

Kwanza nikueleze hiyo hodi. Mimi ni fundi kompyuta. Chuo sikwenda. Nilijifunza kwa mashine mbovu zilizotupwa na maofisi, nazifungua, naziharibu zaidi, nazifunga tena. Katika mtandao wa ofisi kila kifaa kina anwani yake, kama nyumba mtaani. Ukitaka kujua kama kifaa kiko hai, unakitumia neno fupi lisilo na maana nyingine ila “upo?” Kikiwa hai kinajibu “nipo”. Mafundi wenzangu huiita ping. Mimi tangu siku ya kwanza niliielewa kama hodi, maana ndivyo ilivyo: unabisha, mwenyeji anaitika. Kompyuta nyingi hubisha mara nne kisha hunyamaza. Lakini ipo amri ya kuiambia isinyamaze, iendelee kubisha mpaka utakapoikataza.

Kwenu ulifundishwaje? Mama yangu, aliyetoka Rombo akaja Karatu kuuza mitumba, alitufundisha kwamba hodi ni tatu. Ukibisha mara tatu hakuna aliyeitika, geuka uende zako. Anayebisha mara ya nne, alisema, ni mgomvi au mchawi.

Ningemsikiliza. Lakini mimi nina ugonjwa wa kuhakikisha. Sioni aibu kuusema. Nafunga kufuli la fremu yangu ya duka jioni, natembea hadi kwenye kona ya msikiti, narudi kulishika. Naondoka, narudi tena. Mwenye fremu, Mzee Hamisi, muuza viungo wa jirani, alishanizoea. Akiniona narudi husema bila hata kuinua kichwa, “Limefunga, mwanangu. Nenda kwa mama yako.” Nacheka, lakini bado nalishika.

Sasa, kulikuwa na kazi kwenye loji moja ya zamani juu ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Jina lake nitaliacha. Mtandao wa kompyuta wa loji ile ulitandazwa kabla sijazaliwa: nyaya nene zinazopita juu ya dari, nyingine zimeliwa na panya, nyingine zimefungwa kwa plasta ya kidonda. Walikuwa wameweka dishi jipya la intaneti, wakataka ule mtandao wa zamani uzimwe. Nilitakiwa kupita kila anwani, nijue nani yu hai na nani amekufa, niwahamishe walio hai, halafu niing’oe seva, ile kompyuta kubwa iliyokuwa inatunza kila kitu.

Wafanyakazi hawakuiita seva. Waliiita “kwa Baba Safari”. “Tuma kwa Baba Safari.” “Ile orodha ya wageni iko kwa Baba Safari.” Nilidhani ni utani wa kitalii, maana safari ndiyo inayowalisha pale. Magreth, dada mkuu wa mapokezi, ndiye aliyenifungua macho.

“Safari ni jina la mtoto, wewe Mchaga,” aliniambia. “Wairaqw wanaita watoto hivyo. Baba yake ndiye alikuwa anatunza hii mitambo miaka yote. Alikuwa na kachumba ka mawe kule nyuma ya jengo la dobi, seva iko mguuni pa kitanda chake. Tulimtania kwamba ana wake wawili, mmoja kijijini Qurus na mmoja wa umeme.”

“Yuko wapi sasa?”

“Kifua kilimuua masika iliyopita. Alikufa kitandani pale pale, ile mashine inaunguruma.”

Nikasema pole. Nikachukua ufunguo kwa Magreth, nikaenda. Chumba kilikuwa kimeachwa na kitanda cha chuma kisicho na godoro, na seva. Nikaizima, nikachomoa waya wake, nikaupitisha nje kwenye tundu la dirisha, nikaukata kichwa na kuutundika kwenye msumari chini ya paa. Nikaibeba seva nje, nikafunga kufuli, nikalivuta mara kadhaa kama kawaida yangu, nikarudisha ufunguo.

Hapo ndipo roho ilipokataa kutulia. Je, kama kuna mashine nyingine imejificha mahali, inatumia anwani ile ile? Hutokea, vifaa viwili vikagombea anwani moja na mtandao wote ukachanganyikiwa. Nilitaka kuhakikisha kwamba hakuna kitu kilichobaki kwenye anwani ya Baba Safari. Kwa hiyo nikakaa kwenye kompyuta ya mapokezi, nikaiamuru ibishe hodi kwenye anwani hiyo bila kukoma. Ikabisha. Hakuna aliyejibu. Ikabisha tena, kimya, na kimya ndicho nilichokitaka. Nikakishusha kile kidirisha chini ya skrini, nikisema nitakitazama tena kabla ya kuondoka.

Dereva wa gari la wafanyakazi akapiga honi. Geti la hifadhi halimsubiri mtu. Nikaitia seva kwenye kiroba, nikakimbia.

Kompyuta ya mapokezi haizimwi. Unaelewa ninachosema? Kila sekunde, mchana na usiku, majuma kwa majuma, kitu nilichokituma mimi kilisimama kwenye mlango wa marehemu kikisema hodi, hodi, hodi.

Siku moja Magreth akanipigia.

“Fundi wa mchongo,” akaanza, maana ndivyo alivyokuwa ananiita. “Umetuachia jini gani huku?”

“Imefanyaje tena, dada?”

“Kuna kidirisha nimekigundua hapa chini, kimejaa maandishi. Kinapanda tu chenyewe. Kinasema jibu limetoka, jibu limetoka. Wewe si ulisema Baba Safari umeshamzima?”

“Nisomee namba ya hiyo anwani.”

Akanisomea. Ilikuwa yenyewe.

Nivumilie kidogo kwa jambo moja la kifundi, kwa sababu bila hilo hutaelewa kwa nini sikulala. Anwani ninayokipa kifaa ni kama namba ya nyumba, leo anakaa huyu kesho yule. Lakini kila kadi ya mtandao ina anwani ya pili, inazaliwa nayo kiwandani, kama alama za vidole. Nilimwelekeza Magreth amri ya kuionyesha hiyo anwani ya pili ya huyo anayejibu. Akanipigia picha ya skrini, akaituma.

Seva ya Baba Safari ilikuwa mezani kwangu, imefunguliwa, vipande vipande. Kadi yake ya mtandao ilikuwa pembeni ya chaja za simu. Nikaichukua, nikaigeuza upande wenye kibandiko. Nikalinganisha herufi kwa herufi. Nikalinganisha tena, safari hii kuanzia nyuma. Niamini, ilikuwa ile ile. Kadi niliishika mkononi mwangu, Karatu, haina waya wala umeme, na kule juu ukingoni ilikuwa inaitika hodi.

Nikajidanganya. Nikasema kuna fundi anayeigiza namba za watu, inawezekana, nimeona kwenye video. Nikamwambia Magreth akiache kidirisha kama kilivyo mpaka nije. Ndiyo, nilisema akiache. Nilitaka nikione mwenyewe.

Asubuhi yake, kabla sijapanga ratiba, mama mmoja wa makamo alisimama mbele ya fremu yangu. Shuka jeusi begani, viatu vina udongo mwekundu wa Qurus. Hakuingia. Alibisha hodi mara tatu, akangoja.

“Karibu, mama. Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyefungua mashine ya mume wangu?”

Nikamtazama, nikaitazama ile seva iliyolala mezani matumbo nje, nikaona aibu kama daktari aliyekutwa na ndugu wa mgonjwa. Alikuwa Mama Safari. Nikamvutia kigoda. Akakaa, akaigusa seva kwa ncha ya kidole.

“Kumbe ndani ni mavumbi tu,” akasema. “Nilidhani nimeachwa kwa kitu cha maana.”

Sikujua kama nicheke. Yeye hakucheka.

“Tangu tumzike sikumwota,” akaendelea. “Nikasema vizuri, amepumzika. Lakini sasa, nikifumba macho tu, namwona. Amelala. Anashtuka kama ameitwa. Anainuka, anatafuta kandambili, anakwenda mlangoni, anasema karibu. Hakuna mtu. Anarudi kulala. Kabla hajajifunika anashtuka tena. Mwanangu, yule mtu alikufa kwa kukosa pumzi. Kwa nini anainuliwa? Kuna mtu anambishia. Nimeuliza kanisani, nimeuliza nyumbani, hakuna anayejua. Nikasema nije niulize kwa aliyechukua kitu chake.”

Wewe ungemjibu nini? Mimi nilisema, “Nitaangalia, mama.” Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto aliyevunja chungu.

Alinitazama usoni. Nadhani alijua hapo hapo.

“Usiangalie,” akasema. “Zima.”

Mchana huo huo nikapanda na gari lililokuwa linapeleka mboga. Njia ya msituni ilikuwa na ukungu tangu getini. Anayeishi huku anajua: ukungu wa ukingoni ukishuka, saa kumi jioni ni usiku. Dereva aliwasha taa, akawa anaendesha kichwa kiko nje ya dirisha. Mimi nilikuwa nahesabu maneno ya Mama Safari kichwani. Zima. Kazi ya kidole kimoja. Nilipanga niingie, nizime, nishuke na gari hilo hilo.

Magreth alikuwa peke yake kaunta, amejifunga khanga juu ya sare kwa baridi. Wageni wote walikuwa chini kwenye kreta.

“Haya, mganga,” akasema, akanipisha kiti. “Mtoe mtu wako.”

Nikakiinua kile kidirisha. Jibu limetoka. Jibu limetoka. Lakini kilichonikamata ni muda. Ndani ya jengo moja jibu hurudi kabla hujapepesa jicho. Haya yalikuwa yanachelewa, kama mtu mzima anayejiinua kitandani, atafute kandambili, afike mlangoni. Nikapandisha maandishi ya nyuma. Ya siku za kwanza hayakuwa na jibu kabisa. Halafu majibu yalianza, mepesi kidogo. Kila nilivyoshuka yalizidi kuchelewa. Yaani alikuwa anachoka.

“Si uzime tu?” Magreth akasema.

“Nikizima sitajua nani alikuwa anajibu.”

“Na ukijua utapata nini?”

Mkono wangu ulikuwa pale, kidole juu ya kitufe, nikauondoa. Ndivyo ugonjwa wangu ulivyo. Nilikwenda kwenye swichi, lile sanduku linalokusanya nyaya zote, nikaanza kuchomoa waya mmoja mmoja nikimuuliza Magreth, “Bado anajibu?” “Bado.” “Sasa?” “Bado.” Nilipochomoa waya wa chumba cha mawe, Magreth akasema, “Kimya.”

Nikauchomeka tena.

“Amerudi,” akasema, na sauti yake haikuwa na utani tena. “Fundi, mimi simo. Ufunguo wa kile chumba uko kwenye droo yangu hapa, haujatoka tangu uliponirudishia. Mimi simo.”

Nje, Lemburis, askari wa zamu, alisimama na rungu na tochi. Utaratibu wa loji ni kwamba kukiwa na giza au ukungu mtu hatembei bila askari, kwa ajili ya nyati. Akanisindikiza kufuata waya uliokuwa unapita chini ya mapaa. Tulipofika dobi akasimama.

“Twende, kaka, ni pale tu.”

“Nyati simwogopi,” akasema kwa Kiswahili chake cha Kimaasai, taratibu. “Pale nenda mwenyewe. Mimi nitakuona nikiwa hapa.”

Nikaenda. Nikakikuta chumba. Nikamulika chini ya paa kwa simu. Waya ulikuwa kwenye msumari, nilivyouacha, umekatwa kichwa, nyuzi zake ndogo za rangi zimening’inia hewani. Haukugusa kitu. Nilisimama nikiutazama. Nilikuwa nimeshahakikisha. Ningegeuka hapo, nisingekuwa na kisa cha kukueleza.

Lakini mbele yangu kulikuwa na mlango, na mimi nimelelewa. Mtoto wa mama yangu hagusi mlango wa mtu bila kusema. Ulimi ukatangulia akili.

“Hodi.”

Kimya. Halafu, baada ya muda ule ule, ule ule niliouona kwenye skrini, sauti ya kandambili zikiburuzwa sakafuni.

“Karibu.”

Mlango ukafunguka kwa ndani. Alikuwa mwanaume mrefu mwembamba, amevaa sweta la zamani la loji, blanketi mabegani. Uso wa mtu aliyekosa usingizi. Hakuwa na damu, hakuwa na kwato, usitegemee hayo kwangu. Kitu kimoja tu: baridi ilikuwa kali na pumzi yangu ilikuwa inatoka moshi mbele ya mdomo. Yake haikutoa moshi.

Nilisema lile ambalo mdomo ulizoea kusema. “Shikamoo, Baba.”

“Marahaba. Kumbe ni kijana.” Akanitazama juu mpaka chini. “Nilidhani ni kiziwi. Kila nikisema karibu, unabisha tena. Nikifungua, hakuna mtu. Nikilala, unabisha. Nimewahi kupokea wageni wa kila nchi hapa, sijaona mgeni kama wewe.”

“Sikuwa mimi, Baba. Ni mashine.”

“Nani aliituma?”

“Mimi.”

“Basi ni wewe. Ulikuwa unataka nini?”

Ningeweza kumdanganya. Lakini kuna macho ambayo hayadanganyiki. Nikasema, “Nilitaka kuhakikisha kwamba hupo.”

Akacheka kidogo, kicheko kikavu cha mtu mwenye kifua.

“Na umeshahakikisha?”

Nyuma yake niliona kitanda. Kile kile cha chuma nilichokiacha kitupu, sasa kimetandikwa. Na mguuni pa kitanda, gizani, kijitaa cha kijani kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima. Kijitaa cha seva ambayo niliifungua kwa bisibisi yangu. Nikakielewa: kila kuwaka kwake ilikuwa hodi yangu inafika. Na kila kilipowaka, mabega ya yule mzee yaliinuka kidogo chini ya blanketi, kama mtu anayeitwa jina. Alikuwa anaongea nami huku anashtuka, anashtuka, anashtuka.

“Ingia ujionee mwenyewe,” akasema, akasogea kunipisha. “Umeshakaribishwa. Mtu akikaribishwa anaingia.”

Na kweli, desturi ndiyo hiyo. Unabishaje mlango wa mtu, anaamka, anakukaribisha, halafu unabaki nje? Lakini niseme kweli, si adabu iliyonisukuma. Nilitaka kuona ile mashine. Nilitaka kuinama nisome kibandiko chake. Nikainua mguu wa kushoto, nikavuka kizingiti.

Baridi niliyoikanyaga sina mfano wake. Haikuwa ya sakafu. Ilikuwa kama sakafu haipo.

Kijitaa kikawaka, mabega yake yakaruka, akakohoa, na kikohozi kile ndicho kilichonirudisha. Nilimsikia Mama Safari kama yuko kwenye kigoda: usiangalie, zima.

“Baba,” nikasema, “nimetumwa na Mama Safari. Amesema upumzike. Nakwenda kuizima sasa hivi.”

Uso ukabadilika. Kwa mara ya kwanza alikuwa mtu wa kwao, si mwenyeji wa hotelini.

“Hajambo?”

“Hajambo, Baba. Ila halali.”

“Hata mimi.” Akashika fremu ya mlango. “Mwambie nimechoka kusimama. Basi nenda. Lakini uniage, usinikimbie kama ulivyokuwa unafanya.”

Nikaurudisha mguu nje. “Naomba ruhusa, Baba. Nakwenda.”

“Haya,” akasema. “Karibu tena.”

Na mimi, mpumbavu mwenye malezi mazuri, nikajibu kama tunavyojibu wote, kila siku, kwa kila mtu, bila kufikiri:

“Asante, Baba. Nitakuja.”

Mlango ukafungwa taratibu. Nikakimbia.

Kwenye dobi nilimgonga Lemburis kifuani. “Ero, kijana! Nini? Nyati?”

“Umemwona?”

“Nani? Nimekuona wewe. Umesimama pale unaongea na kufuli, na mguu mmoja umeuinua kama korongo.”

Sikugeuka nyuma kutazama kufuli hilo. Niliingia mapokezi, nikampita Magreth, nikakifunga kile kidirisha. Sikusoma mstari wa mwisho. Sikungoja nione kama kimefunga. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilizima kitu bila kuhakikisha. Kisha nikauchomoa ule waya kwenye swichi, nikaketi sakafuni, na Magreth akanivua kiatu cha kushoto. Mguu ulikuwa mweupe kama wa maiti. Alikaa ameukumbatia kwenye khanga yake mpaka dereva wa mboga alipopiga honi.

Kesho yake nilikwenda Qurus. Mama Safari alikuwa anapura maharage uani, na kabla sijasema lolote nilijua, kwa sababu uso wake ulikuwa wa mtu aliyelala. Nikamrudishia seva, imefungwa vizuri, kila skrubu mahali pake, kadi ndani. Akasema ataifukia chini ya mgomba. Nikampa ujumbe: amechoka kusimama. Akatikisa kichwa, akajifuta macho kwa ncha ya shuka.

Halafu akauliza, “Mlipoagana alisemaje?”

“Alisema karibu tena.”

“Ukajibuje?”

Nikamwambia.

Akaacha kupura. Kuku walikuwa wanadonoa maharage yaliyoruka, hakuwafukuza.

“Mwanangu,” akasema taratibu, “ungesema starehe, yaani baki utulie. Mtu wa huko anaambiwa starehe, basi. Haambiwi nitakuja.”

Tangu siku hiyo mguu huu haupati joto. Mama yangu anasema ni baridi yabisi, ananichua kwa mafuta ya kondoo. Namwacha aamini hivyo. Lakini kuna jambo ambalo sijamwambia. Kompyuta yangu ya dukani naijua kila kona, na nimeiwekea ulinzi unaoandika kila anayebisha. Mara moja moja, hasa ukungu unaposhuka mpaka mjini, inaandika kwamba kuna aliyebisha kutoka anwani ile. Anabisha mara tatu. Kisha anaondoka. Yeye ana adabu kuliko mimi. Alipokaribisha, mgeni wake akaahidi kuja, naye anapita tu kuuliza kama ahadi ipo.

Kompyuta kwa maumbile yake huitika hodi ya yeyote. Yangu nimeifundisha kukaa kimya.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama kuna kitu ulikiamuru kifanye kazi ofisini ukakisahau, nenda ukakizime leo, usingoje kuulizwa na mjane. Na ukipewa anwani, uliza kwanza nani alikaa hapo. Mtu akikuambia karibu tena, mtazame mdomoni kwanza kama anatoa moshi, ndipo umjibu.

Mimi bado ni fundi, na bado narudi kushika kufuli. Mzee Hamisi bado ananiambia limefunga. Kilichobadilika ni kimoja. Kila mtandao ninaoushika, naiambia mashine ibishe mara tatu. Nisipojibiwa, naandika kwamba hakuna mtu, naenda zangu.